Kazan, mji wa makhan: jinsi ya kufika, gharama zake na pa kutazama

Kazan uko kwenye ukingo wa mto Volga, kiasi cha kilomita 800 mashariki ya Moscow. Leo ni makao makuu ya Tatarstan, moja ya jamhuri zilizomo ndani ya Shirikisho la Urusi. Zamani ulikuwa mji mkuu wa dola ya Watatari, Waislamu ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kituruki. Mtawala wao aliitwa khan. Dola hiyo iliota mizizi kati ya miaka ya 1430 na 1440, Ulugh Muhammad, khan aliyenyang'anywa kiti katika dola kubwa iliyoachwa na Wamongolia, alipohamia huku na watu wake. Ilikwisha Oktoba 1552. Ivan wa Nne wa Moscow, yule aitwaye Ivan wa Kutisha, aliuzingira mji kwa wiki kadhaa, akalipua ukuta kwa baruti, akauteka.

Kabla hatujafika kwenye visa na nauli, kuna jambo litakalokuepushia kuvunjika moyo: jumba la khan halipo. Majengo ya enzi yao karibu yote yaliangushwa baada ya 1552. Unachokiona leo ndani ya ngome kilijengwa baadaye, sehemu kubwa na washindi, na kingine juzijuzi tu na wajukuu wa walioshindwa. Wageni wengi hupiga picha msikiti wenye paa la buluu, wakanunua sumaku ya friji na kuondoka wakiamini wameuona mji wa makhan. Mji huo upo, ila uko chini ya ardhi, kwenye kaburi moja dogo, na katika mtaa ambao Watatari walihamishiwa baada ya kushindwa. Ukienda na fikra hiyo, hutapotezewa muda.

Niende lini? Mei hadi Septemba. Julai joto huzunguka nyuzi 20, jioni koti jepesi linatosha. Januari ni habari nyingine. Wastani ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na kuna siku baridi hushuka hata chini ya 25. Volga huganda na watu huvua samaki wakiwa wamekaa juu ya barafu. Kama hujawahi kuvaa viatu vya theluji, usianzie hapo. Mwezi Juni kuna Sabantuy, sherehe ya Watatari ya kumaliza kupanda, yenye mieleka ya mikanda, mbio za farasi na watu kukwea nguzo ndefu. Mshindi wa mieleka kwa desturi huondoka na kondoo dume mabegani. Kuingia ni bure.

Saa za Kazan ni zilezile za Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo huna haja ya kugusa saa yako. Jua ndilo litakalokuchanganya. Mwishoni mwa Juni huchomoza karibu saa tisa usiku, na mwishoni mwa Desemba huzama karibu saa tisa alasiri. Kwa Mwislamu hili si dogo: katika kiangazi alfajiri na isha hukaribiana mno. Usikadirie mwenyewe. Fuata ratiba ya swala inayotolewa na Baraza la Waislamu la Tatarstan, ambayo hubandikwa kwenye kila msikiti.

Visa je? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni visa ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Agosti 2023 kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha maalumu. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi, unapakia picha na ukurasa wa pasipoti, unalipa kiasi cha dola 50, na majibu huja ndani ya siku chache. Orodha ya nchi huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia kwanza kama pasipoti yako imo, na usimlipe mtu wa kati kwa kazi unayoweza kuifanya kwa simu. Kumbuka pia kwamba visa hii hukubaliwa kwenye mipaka na viwanja vilivyotajwa tu. Uwanja wa Kazan umo.

Njia ya pili ni visa ya kawaida ya utalii kupitia ubalozi wa Urusi, uwe wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au wa nchi unakoishi. Hapo utahitaji barua ya mwaliko, ambayo hoteli au wakala wa safari aliyesajiliwa Urusi hukuandikia kwa malipo madogo, pamoja na fomu, picha, pasipoti yenye muda wa kutosha na bima ya matibabu ya safari. Soma bima hiyo kwa makini. Kampuni nyingi siku hizi huitenga Urusi, nawe hutaki kuligundua hilo ukiwa umelala hospitalini. Iwe imeandikwa wazi kwamba inatumika Urusi.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Kazan haipo. Wengi hupitia Dubai au Istanbul, au huruka na ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa hadi Moscow. Ukiangalia tiketi, tafuta kwanza inayokufikisha Kazan kwenyewe kupitia Dubai, maana inakuondolea usumbufu wa kubadilisha viwanja Moscow. Lakini kama una muda, njia ya Moscow ina raha yake: treni ya usiku.

Treni huondoka Moscow kwenye kituo kiitwacho Kazansky na safari huchukua kama saa 12, kwa hiyo unalala Moscow na kuamka Kazan. Kuna behewa la wazi, lisilo na milango, liitwalo platskart, na kuna vyumba vya vitanda vinne viitwavyo kupe. Platskart hugharimu takriban ruble 2,000 hadi 5,000 kutegemea msimu na ulivyowahi kukata tiketi. Kupe ni zaidi. Mwishoni mwa 2025 dola moja ilikuwa karibu ruble 80, nawe piga hesabu kwa bei ya siku yako. Ukisafiri na mtu mzima au mwenye magoti mabovu, kata kitanda cha chini mapema, maana ndivyo vinavyokwisha kwanza. Mwisho wa kila behewa kuna tangi la maji ya moto, bure, usiku kucha. Beba majani ya chai, kikombe na mkate. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti, na mhudumu wa behewa atavilinganisha mlangoni.

Sasa fedha, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko, si dukani wala kwenye mashine ya kutolea pesa. Usijidanganye kwamba benki yako ni kubwa. Beba taslimu, dola au euro, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, ubadilishe benki kidogokidogo. Wala usitegemee kulipia hoteli kwa tovuti za Ulaya na Marekani ulizozoea, kwani kubwa zake zimesitisha kazi Urusi. Tumia tovuti za Kirusi kama Ostrovok, au iandikie hoteli moja kwa moja ukubaliane nayo kulipa ukifika.

Mtu asiyependa makuu ajipange kwa ruble 5,000 hadi 6,000 kwa siku. Chumba kisafi katika hoteli ndogo ni kama 2,500 hadi 3,500. Chakula cha siku nzima kwenye migahawa ya kujihudumia ni 1,200 hadi 1,500. Inayobaki ni nauli, viingilio na chai. Anayelala hosteli, chumba kimoja na wengine, atapunguza sana.

Kuhusu simu: sheria za kumsajili mgeni kwenye laini ya Urusi zimekazwa tangu mwanzo wa 2025, kwa hiyo usihesabu kununua laini uwanjani kama unavyofanya kwetu. Laini yako ya nyumbani nayo inaweza kukaa hadi siku nzima bila intaneti baada ya kuvuka mpaka. Kwa hiyo kabla hujaondoka, pakua ramani za kutumia bila mtandao (2GIS ni nzuri mno kwa Kazan, inaonyesha hadi mlango wa kuingilia jengo), pakua programu ya kutafsiri Kirusi, na andika anwani ya hoteli kwenye karatasi kwa herufi za Kirusi. Facebook na Instagram zimefungwa huko tangu 2022, na simu za WhatsApp na Telegram zilianza kubanwa Agosti 2025. Waambie nyumbani mapema, wasije wakakesha wakidhani umepotea.

Kuna usalama? Nchi iko vitani tangu Februari 2022, na Kazan haikusalimika kabisa: Desemba 2024 droni ziligonga majengo ya makazi mjini humo. Uwanja wa ndege hufungwa ghafla kwa saa kadhaa zinapotokea tahadhari kama hizo, kwa hiyo usipange ndege mbili zilizobanana. Soma ushauri wa serikali yako kabla ya kukata tiketi. Usipige picha askari, madaraja, viwanda wala magari ya jeshi. Maisha ya kila siku mjini ni tulivu, wanafunzi wa Kiafrika ni watu wa kawaida kuonekana, na anayekukodolea macho kwenye basi mara nyingi ni mshangao tu.

Nakuomba unisikilize vizuri kwenye hili, hasa wewe kijana. Ukipata ofa ya kazi au ya masomo ya kulipwa Tatarstan, tiketi imelipwa na kila kitu kimeandaliwa, simama kwanza. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu wasichana kutoka nchi za Afrika, zikiwemo Uganda, Rwanda na Kenya, walioitwa kwa ahadi za aina hiyo kwenda eneo la viwanda la Alabuga, mashariki ya Kazan, wakajikuta wanaunganisha droni za kivita. Mtalii huingia kwa visa ya utalii na kurudi kwao. Usisaini mkataba wowote ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma, na usimkabidhi mtu pasipoti yako zaidi ya dakika ambazo mhudumu wa hoteli anahitaji kuinakili.

Ukiingia nchini utapewa kadi ya uhamiaji, kikaratasi kidogo. Kitunze kama pasipoti yenyewe, utadaiwa wakati wa kutoka. Hoteli itakusajili kwa mamlaka. Ukilala kwa rafiki, ni yeye anayepaswa kukusajili, na muda wa kufanya hivyo ni siku saba za kazi.

Umefika. Kutoka uwanjani hadi katikati ya mji ni karibu kilomita 25. Kuna basi la umma, na kuna teksi za programu ya Yandex Go, ambazo hukubali taslimu na kwa kawaida hazizidi ruble 1,500. Wanaokuita kwa sauti mlangoni mwa uwanja watakutoza zaidi, kama popote duniani. Mjini kuna metro, treni ya chini ya ardhi, yenye njia moja tu iliyofunguliwa 2005, kwa hiyo hata ukitaka kupotea huwezi. Nauli haifiki ruble 60. Shuka kituo cha Kremlyovskaya na utazame kuta zake: joka lenye mabawa lililochorwa kwa vigae ni Zilant, nembo ya mji.

Kremlin maana yake ni ngome ya mji, na miji mingi ya kale ya Urusi ina ya kwake. Hii ya Kazan ina kuta nyeupe, imekaa juu ya kilima mahali mto Kazanka unapokutana na Volga, na UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuingia ndani ya kuta ni bure. Makumbusho yaliyomo hulipiwa kila moja peke yake, kwa kawaida ruble mia chache. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika, na utenge nusu siku.

Mbele ya lango kuu utaona sanamu ya mtu anayejinasua kutoka kwenye nyaya za miiba. Ni Musa Jalil, mshairi wa Kitatari aliyeuawa na Wanazi Berlin mwaka 1944, na mashairi aliyoyaandika gerezani yaliokolewa na wafungwa wenzake. Pita lango, fuata njia inayonyooka. Kushoto kwako utaanza kuona minara ya Msikiti wa Kul Sharif. Nakushauri usiukimbilie bado. Endelea hadi mwisho, kwenye mnara mwekundu wa matofali.

Huo ni mnara wa Söyembikä, na ndio penye moyo wa ngome ya makhan. Una ngazi saba, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, na urefu wa mita 58. Simama karibu na kona yake, egemeza mgongo ukutani mwa jengo la jirani, kisha tazama juu taratibu: mnara umelala upande mmoja karibu mita mbili. Waongoza watalii watakuhadithia kwamba Ivan alitaka kumwoa malkia Söyembikä, naye akamwambia amjengee kwanza mnara kwa siku saba, ukaisha, akapanda juu kuuaga mji, akajirusha. Hadithi inauzika vizuri. Ukweli wa kumbukumbu ni mchungu zaidi. Söyembikä alitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo tangu 1549, na mwaka 1551, mwaka mzima kabla mji haujaanguka, wakuu wa mji walimtoa kwa Warusi pamoja na mtoto. Alitenganishwa na mwanawe, akaozwa kwa Shah Ali, khan aliyekuwa upande wa Moscow, akamalizia maisha mbali na Kazan. Mnara wenyewe wataalamu wengi huuweka miaka mia na zaidi baada yake. Hata hivyo jina limebaki, na Watatari waliweka mwezi mwandamo juu yake badala ya tai wa mfalme wa Urusi.

Sasa geuka. Hapo jirani na mnara kuna kaburi la makhan. Mwaka 1977 waakiolojia waliokuwa wakichimba hapa walikuta mabaki ya wawili wao, Mahmud, mtoto wa Ulugh Muhammad, na Muhammad Amin, na karibu yake ilionekana misingi ya majengo ya zamani. Watu hupita bila kusimama. Wewe simama. Kati ya yote yaliyo ndani ya kuta hizi, hapa ndipo ulipo karibu zaidi na Kazan iliyokuwepo kabla ya 1552. Watu hawa walipozikwa, mji ulikuwa na misikiti, masoko na wanafunzi wa dini. Kanisa lenye kuba za buluu unaloliona hatua chache kutoka hapo, la Annunciation, lilijengwa mara tu baada ya ushindi na kukamilika 1562.

Baada ya hapo, nenda msikitini. Kul Sharif alikuwa imamu na mshairi aliyekufa akipigana pamoja na wanafunzi wake siku mji ulipoanguka. Msikiti uliobeba jina lake ulianza kujengwa 1996 na kufunguliwa Juni 2005, mji ulipokuwa unasherehekea miaka 1,000. Kuingia ni bure. Mlangoni utavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, inayoitwa bahili. Mwanamke hufunika nywele, na asiye na mtandio huazimwa hapohapo. Mtu aliyevaa kaptura huazimwa kitambaa cha kujifunga. Watazamaji hupanda kwenye roshani za juu, na ukumbi wa chini ni wa wanaoswali. Ukitaka kuswali sema tu, utaelekezwa pa kutawadha. Chini ya jengo kuna makumbusho ya Uislamu wa eneo la Volga, yenye kiingilio, na kwa maoni yangu inastahili pesa kuliko nyingine zote za ngome, hasa kwa maandiko ya mkono ya Kitatari kwa herufi za Kiarabu.

Ukisimama ukutani upande wa mto Kazanka utaona jengo la ajabu lenye umbo la piramidi, peke yake majini. Ni kanisa la kumbukumbu ya askari wa Ivan waliokufa 1552. Watatari nao wana siku yao ya kuwakumbuka wafu wao, kila Oktoba. Ukizungumza na wenyeji kuhusu mwaka huo, sikiliza zaidi ya unavyosema.

Barabara ya Bauman, ya waenda kwa miguu, huanzia karibu na ngome na kuteremka hadi uwanja wa Tukay. Ni maduka, wapiga gitaa na sanamu ya paka mnene aliyelala. Paka ana sababu yake: mwaka 1745 malkia Elizabeth aliagiza paka wa Kazan wapelekwe St. Petersburg wakaue panya wa ikulu. Dakika ishirini zinatosha. Nguvu zako ziweke kwa kinachofuata.

Kinachofuata ni Mtaa wa Kale wa Kitatari, kando ya ziwa Kaban, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Baada ya kushindwa, Watatari walikatazwa kukaa ndani ya mji na kwenye kingo za mito, wakasukumwa huku. Kwa miaka mia mbili hawakuruhusiwa kuwa na msikiti wa mawe. Ruhusa ilikuja baada ya malkia Catherine wa Pili kuzuru Kazan mwaka 1767, na matokeo yake ni Msikiti wa Marjani, uliomalizika 1770. Mnara wake umeota katikati ya paa, na mapambo ya kuta yamefanana na ya majumba ya Urusi ya wakati ule. Wenyeji husimulia kwamba Warusi walipolalamika mnara ni mrefu mno, Catherine alijibu kuwa yeye aliwapa Watatari ardhi tu, mbinguni si kwake. Jina la msikiti ni la Shihabuddin Marjani, mwanachuoni na mwanahistoria aliyekuwa imamu hapa katika karne ya 19. Kuingia ni bure, na ukiwahi swala ya Ijumaa utaona mji ambao picha za ngome hazikuonyeshi: wazee wenye kofia za mahameli, vijana wa vyuo, wafanyakazi kutoka Asia ya Kati, na viatu vimejaa hadi kwenye ngazi.

Mitaa inayozunguka ina nyumba za mbao zilizopakwa kijani, buluu na manjano, za wafanyabiashara wa Kitatari. Humo kuna makumbusho ya mshairi Gabdulla Tukay na makumbusho ndogo ya chak-chak, ambayo hulipiwa pamoja na chai na maelezo. Weka nafasi mapema, vikundi hujaa.

Tumefika kwenye chakula. Chak-chak ni vipande vidogo vya unga vilivyokaangwa na kushikanishwa kwa asali, na huliwa kwa chai ya maziwa. Chakula cha kukutoa njaa ni echpochmak, binamu mnene wa sambusa, ila huokwa badala ya kukaangwa: pembe tatu ya unga yenye nyama, viazi na vitunguu vilivyokatwa vidogo na kuwekwa vibichi. Juu ina kitundu. Anayejua humimina mchuzi kidogo kidogo kupitia kitundu hicho huku akila. Moja ni karibu ruble 100 hadi 150, mbili zinashibisha. Migahawa mingi ya Kitatari ni halali, na utaona imeandikwa халяль. Usidhani lakini kwamba kila mgahawa wa Tatarstan ni hivyo, kwani sehemu kubwa ya wakazi ni Warusi. Neno la kuuliza ni svinina, nguruwe. Neno jingine ni konina, nyama ya farasi, ambayo Watatari huila na kuitengenezea soseji iitwayo kazylyk. Kama huipendi, uliza kabla sahani haijafika.

Ukiwa na siku ya ziada, iende Bolgar, kusini ya Kazan, saa tatu hivi kwa basi, au kwa boti ya mwendo kasi mtoni wakati wa kiangazi. Huo ulikuwa mji wa Wabulgaria wa Volga, wanaohesabiwa kuwa mababu wa Watatari, waliopokea Uislamu mwaka 922 mbele ya ujumbe kutoka Baghdad. Ibn Fadlan, aliyekuwa kwenye ujumbe huo, aliandika habari za safari, ukiwemo mshangao wake juu ya usiku mfupi mno wa kiangazi. UNESCO iliuandikisha mji huo 2014. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, mnara mdogo wa karne ya 14 na, kwenye makumbusho, msahafu uliochapwa wenye urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 800. Eneo ni wazi na pana; beba maji na kofia. Angalia saa ya basi la mwisho kurudi kabla hujaanza kutembea.

Sviyazhsk ni karibu zaidi, na huonyesha upande wa pili wa kisa. Ni ngome iliyojengwa na Ivan mwaka 1551 kwa wiki nne tu: magogo yalichongwa mbali, upande wa juu wa mto, yakawekewa alama, yakachukuliwa na maji na kuunganishwa hapa, tayari kwa vita vya mwaka uliofuata. Nusu siku inatosha.

Lugha rasmi ni mbili, Kitatari na Kirusi, na vibao vya barabara vina zote. Kiingereza utakikuta hotelini na kwa vijana, si kwa dereva wa basi. Kushukuru kwa Kitatari husemwa rähmät. Ukilitamka kwa mama anayeuza echpochmak sokoni, uwe na nafasi tumboni, kwa sababu huenda akakuongeza.

Siku ya kuondoka, hakikisha una kadi ya uhamiaji, karatasi ya usajili kutoka hotelini na tarehe ya visa ambayo haijapita hata kwa saa moja. Kuchelewa huleta faini na huweza kukufungia kuingia tena. Ukirudi kwa treni kupitia Moscow, jua kwamba viwanja vya ndege viko pembezoni mwa jiji, pande tofauti. Angalia jina la uwanja kwenye tiketi yako, kisha acha angalau saa tano kati ya treni kufika na ndege kuondoka.